Je, Wajua? Bastola ya Marehemu Babu

Je, wajua kwamba bastola kuukuu iliyoachwa na marehemu babu huko Machakos inaweza kuwa mali ya kale kisheria? Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inahesabu hivyo kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Lakini Machakos ilikuwa na kituo cha IBEA, kampuni ya Kiingereza ya biashara, tangu 1889, kwa hiyo silaha ya umri huo inawezekana kabisa. Kuitoa nje ya nchi kunahitaji kibali.

Thamani ya bastola kama hiyo huanzia kwenye chapa. Kwa mfano, bastola za Webley zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, mji ambao tangu 1813 una nyumba yake ya kupima mitutu. Alama zilizogongwa humo husaidia kukadiria umri. Kisha hutazamwa kama nambari za sehemu zake zinalingana, na kama ipo barua au picha inayomtaja mwenyewe wa kwanza. Usiisugue kwa msasa! Rangi ya asili ya chuma ikitoka hairudi, na bei hushuka nayo.

Tena, cheti cha silaha hakirithiwi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kukaa na bastola bila cheti. Usiitie mkobani ukapanda matatu kutafuta mnunuzi: iache ilipo, ihesabu kuwa ina risasi, na uwaite polisi kwanza.