Asali ya Shangazi na Kisu cha Daktari

Mwaka wa 1977, nikiwa na umri wa miaka tisa, karai la mafuta lilinipindukia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri, nyumba zote za mtaani kwetu hapa Mji wa Kale zanukia iliki, nami nimejisogeza jikoni kutazama kaimati zinavyogeuka rangi. Niliungua muundi wa mguu wa kushoto, tangu chini ya goti hata karibu na kifundo. Kitambaa cha mwisho nilifunguliwa Mfunguo Tatu, watu wakichinja. Chuoni wenzangu wakanibandika jina la Kaimati, na wako hata leo wanaoniita hivyo njiani, ndevu zao na zangu zimekwisha kuwa nyeupe.

Kovu hilo, msomaji, nililichukua miaka 45 bila ya kunidai neno. Mwanzoni mwa mwaka wa 2023 likadai. Katikati yake palitoka kidonda kisichozidi punje ya mtama. Nilidhani nimejigonga ukingoni mwa kitanda, nikakipaka mafuta nikakisahau. Juma hili kikifunga, juma lifuatalo kimefunguka, na kila kikifunguka kimekuwa kikubwa kuliko jana, kingo zimeinuka mfano wa mdomo wa kikombe. Maumivu hayakuwa mengi. Kilichonisumbua ni harufu. Nilianza kusali safu ya nyuma, karibu na mlango. Kisha nikawa siendi msikitini ila siku ya Ijumaa, tena baada ya kujifukiza udi hata kanzu ikakaribia kuungua.

Hospitalini nilimkuta daktari binti, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alikata kinyofu cha nyama kadiri ya ukucha, akakipeleka kupimwa. Baada ya majuma matatu, ikiwa ni mwezi wa Mei, aliniita, akanikaribisha kiti, kisha akainuka akafunga mlango. Nikajua.

Alisema ni saratani ya ngozi, aina izukayo ndani ya makovu ya zamani ya moto na katika madonda yaliyokataa kupona. Mpasuaji mmoja wa Kifaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika habari za vidonda vya makovuni mwaka wa 1828, na hadi leo madaktari huviita kwa jina lake. Kovu laweza kukaa kimya miaka 30 na zaidi kabla ya kugeuka. Dawa yake, akasema, ni kukata: kuliondoa donda lote pamoja na ukingo mpana wa nyama nzima iliyolizunguka, kisha kuazima ngozi ya pajani kuja kuziba pengo.

"Na ikiwa limefika mfupani?" nikamuuliza.

Hakujibu upesi. "Mzee, tukienda sasa, naona mguu utabaki."

Neno hilo "naona" ndilo nililorudi nalo nyumbani.

Mimi ni mtu wa maneno, basi usiku ule sikulala, nikawa nayageuzageuza maneno. Saratani ni neno la Kiarabu, maana yake ni kaa, kaa huyu huyu wa mikokoni. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kaa, kwa ile mishipa iliyotanda kandokando ya uvimbe kama miguu yake. Wazee wetu wa falaki wanayo Saratani yao pia, burji ya nne. Lakini kabla ya kulizoea neno hilo, sisi watu wa pwani tulikuwa na letu: donda ndugu. Nimelitia mashairini mara ngapi, nikilipa maana ya mapenzi yasiyopona! Sikufikiri siku moja nitalifunga bendeji.

Asubuhi nilikwenda kwa shangazi yangu. Amepita miaka 80, na katika mtaa wetu mtoto akishikwa na chango, au mzazi akikosa maziwa, huendewa yeye na uwatu wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilipomtajia kukatwa, alishika kifua.

"Mwanangu, donda ndugu halitiwi chuma. Ukilitia chuma, laamka."

Imani hii nimeikuta Lamu, nimeikuta Malindi, na sikuwa na nguvu za kuipinga, kwa sababu kusema kweli nilikuwa naitafuta. Mtu mwenye hofu hatafuti dawa, hutafuta ruhusa ya kungoja. Nikamwambia daktari nipe muda nifikiri.

Matibabu ya shangazi yalikuwa na utaratibu wake. Kidonda kilioshwa kutwa mara mbili kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa yakapoa. Kisha kikapakwa asali kutoka Kitui iliyochanganywa na habasoda iliyotwangwa. Kila usiku maziwa na manjano. Kila Alhamisi kombe: aya zaandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zaoshwa kwa marashi ya waridi, nanywa. Asali haina haja ya kutetewa mbele ya Waislamu. Sura ya An-Nahl imetosha. Wala habasoda, ambayo hadithi yake tuliisoma tukiwa bado hatujajua kufunga kikoi. Baadaye ukaja utomvu wa mshubiri, nami nikamtania shangazi kwamba ametia shubiri ili nipate subira. Alicheka. Ni katika siku chache za mwaka ule nilizomsikia akicheka.

Nisiseme uongo: yalinifaa. Harufu iliondoka kabla ya majuma mawili, nikarudi safu ya mbele. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba hapakuwa na muujiza. Asali huua vijidudu, na huko ng'ambo hospitali hutumia asali iliyosafishwa maalumu kufungia vidonda. Habasoda na manjano navyo vimechunguzwa sana katika maabara, juu ya chembe za saratani zilizowekwa kwenye vigae vya kioo na juu ya panya, na mambo yaonekanayo huko si ya kudharauliwa. Lakini kutoka kigaeni hadi muundini mwangu ni safari ambayo bado haijathibitishwa. Kidonda kilikuwa safi, na kilikuwa kikikua.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata shangazi hakulijua. Mtu mmoja auzaye dawa aliniuzia kikopo cha marhamu meusi, shilingi 3,500, akaapa kwamba yaing'oa saratani pamoja na mizizi yake. Usiku wa kwanza niliuma mto. Usiku wa tatu nyama ilikuwa imegeuka makaa. Siku ya kumi na mbili gamba likaachia, nene kama ganda la chaza, na yule mtu akalipindua akanionyesha nyuzi kwa upande wa chini. "Mizizi hiyo!" Pale lilipotoka palikuwa pamependeza, pekundu changa. Nikapika pilau, nikaita watu maulidi.

Ile mizizi ilikuwa nyama yangu mwenyewe iliyoungua. Marhamu ya namna hii si mapya duniani. Katika miaka ya 1930 daktari Frederic Mohs, huko Wisconsin nchini Marekani, alitumia dawa ya kuunguza yenye kloridi ya zinki juu ya saratani za ngozi. Walakini yeye hakuishia hapo. Alikata ile nyama iliyokaushwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka akaipeleka chini ya darubini, na palipobaki ugonjwa akarudi akakata tena. Hatimaye wapasuaji waliiacha dawa, wakabaki na kisu na darubini. Kikopo changu kilikuwa na dawa ya kuunguza, hakikuwa na macho. Kiliunguza juu, ngozi changa ikafunika, na chini yake kaa akaendelea kutembea.

Mwanzoni mwa Oktoba, nikioga, nilipapasa nyongani nikakuta mtoki. Mdogo, mgumu, kama kokwa ya zambarau. Nilikaa chini juu ya sakafu ya hamamu, maji yanamwagika.

Mwanangu hakunilaumu. Aliniuliza tu, tukiwa barazani, kama najua kilichomwua Bob Marley. Nyimbo zake zapigwa kwenye kila tuktuk mjini humu, nami sikujua. Mwaka wa 1977, mwaka ule ule wa karai langu, aligunduliwa kuwa na saratani nyeusi ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Madaktari walishauri kidole kikatwe, naye kwa imani ya dini yake akakataa. Pakaondolewa ukucha na nyama kidogo. Mwaka wa 1980 alianguka akikimbia bustanini huko New York, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kupanda hadi kwenye ubongo. Alikwenda Ujerumani, Bavaria, kwa daktari Josef Issels aliyetibu kwa njia zake mwenyewe, akakaa miezi. Tarehe 11 Mei 1981 alikufa Miami, njiani akirudi kwao Jamaika, umri miaka 36. Aina yake si yangu. Yake ni kali mno. Lakini kidole kimoja, msomaji!

Siku ile ile nilikwenda kwa mwalimu wangu wa chuoni, aliye hai, alhamdulillahi. Nilitaka kumwuliza kama kukubali kisu ni upungufu wa tawakali. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikikosea irabu. Akakitoa kitabu cha Ibn al-Qayyim cha tiba ya Mtume, kile kile ambacho wauza dawa hukitaja kila siku, akanifungulia mahali pasipotajwa: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, na tabibu akamkata mshipa kisha akamchoma moto. Hadithi yenyewe imo katika Sahihi Muslim. "Kukata ni katika tiba, si nje yake," akasema. Akaendelea na al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka wa 1013, ambaye katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake at-Tasrif alifundisha kwamba saratani ikiwa ingali ndogo, mahali iwezapo kutolewa yote, itolewe. Ikiwa imekuwa kubwa na ya siku nyingi, isiguswe, maana yeye mwenyewe hakupata kumponya hata mmoja. Na Ibn Sina naye aliona hivyo hivyo, kukata mapema na kukata yote. Miaka elfu moja iliyopita wanazuoni wetu walikuwa wakipigania kuwahi, na mimi nimekaa miezi mitano na kikombe cha maziwa.

Daktari hakunigombeza. Alipapasa mtoki, akautia sindano, akanipa siku kumi za kungoja majibu. Siku hizo kumi sitaziandika. Majibu yalisema mtoki ulivimba kwa usaha wa lile donda lililounguzwa, haukuwa na saratani. Juma lililofuata nikapasuliwa. Donda lilikuwa limegusa utando wa mfupa, wakalazimika kuukwangua. Mfupa wenyewe ulikuwa salama. Mguu ulibaki, mwembamba, na bonde lililozibwa kwa ngozi ya pajani ambalo wajukuu wangu hupenda kulipitishia kidole.

Shangazi alikuja wodini na chupa ya chai. Alikuwa amekwisha kuelezwa yote, hata kikopo. Daktari alipopita akamwamkia shikamoo, na bibi huyu badala ya kuitikia tu akauliza: kwani dawa za hospitali zatoka wapi, kama si mitini?

"Nyingine zatoka mitini, Bibi," daktari akajibu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamweleza ua dogo la rangi ya waridi, majani yake ya ua matano, asili yake Bukini, ambalo shangazi analo mlangoni kwake miaka yote. Watu wa Jamaika walikuwa wakinywa majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Wataalamu wa Kanada wakayajaribu kwa sukari, yasifae kitu, ila wakaona yapunguza chembe nyeupe za damu. Na kutoka humo, mwaka wa 1958, ikatolewa dawa ya saratani. Ndugu yake, vinkristini, hutibu watoto wenye saratani ya damu. "Lakini ukichemsha majani ukampa mtu, waweza kumwua. Dawa imo kwa kipimo cha nywele."

Shangazi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake: "Basi mimi ndimi niliyemchelewesha?"

"Asali yako haikumdhuru, Bibi. Ilimsafisha. Iliyomdhuru ni ile miezi mitano."

Nami niliona nitengeneze: miezi mitano ilikuwa yangu. Yeye alinipa alichokuwa nacho; mimi ndimi niliyekuwa na barua ya hospitali mfukoni.

Twajidanganya sisi watu wa ngozi nyeusi kwamba saratani ya ngozi ni ya Wazungu wanaojianika ufuoni. Ndugu zetu wenye ualbino hawana nafasi ya kujidanganya. Jua letu la pwani huwala tangu utotoni, na kofia pana na marhamu ya kuzuia jua kwao si mapambo. Nasi wengine hutupata pale tusipopatazama: wayo wa mguu, chini ya ukucha, kovu la zamani. Kidonda kilichopita mwezi hakijafunga, doa jeusi la wayoni linalopanuka, hayo ni ya kupelekwa yakapimwe, na asali iende pamoja nayo ikiwa mtu apenda.

Ngozi ya pajani ilipokwisha kushika, daktari alisema ihitaji mafuta kila siku isikauke, na mafuta ya nazi yatafaa. Shangazi hukamua yake mwenyewe, hakubali ya dukani. Kila baada ya miezi nakwenda kupimwa, na nikirudi huwa ameketi barazani ananingoja, hasalimu kwanza.

"Mtoki?"

"Haupo, shangazi."

"Haya. Kaa unywe chai."