Wakulima wa Zabibu wa Nchi ya Baridi na Akiba Yao



Mwenzetu mmoja alituuliza barazani: je, ni sisi peke yetu ambao shamba hutupa mwaka huu na kutunyima mwaka ujao? Tulimjibu kuwa la, tukaahidi kuandika khabari za wakulima wa zabibu wa Champagne, kaskazini mashariki ya Ufaransa. Zabibu zao ni za kufanyia divai, na divai si yetu, tuiache huko huko. Sisi tunatazama shamba na hesabu yake.

Champagne ni nchi ya baridi. Ukichukua joto la mwaka mzima, usiku na mchana, wastani wake ni kama digrii 11 tu. Mzabibu hulala wakati wa baridi, huchipua Aprili, hutoa maua Juni, na aghlabu huchumwa Septemba, kwa mkono kama karafuu zetu. Jua likiwa haba, zabibu hubaki kali, na desturi ya zamani ni kuongeza sukari katika maji yake. Jua likizidi, utamu huwa tele lakini ule ukali unaotakiwa hupungua. Basi hapana miaka miwili inayofanana.

Adui mkubwa ni jalidi ya Aprili. Usiku mmoja watosha kuunguza machipukizi yote. Wakulima hukesha, wakiwasha mishumaa mikubwa baina ya safu za mizabibu, au wakinyunyiza maji. Naam, maji! Jambo hili lilitushangaza, lakini lina sababu yake: maji yakiganda hutoa joto kidogo, na chipukizi lililomo ndani ya barafu husalimika, maadamu maji hayakatiki mpaka barafu iyayuke.

Hata hivyo mwaka 2003 jalidi ilikula karibu nusu ya mavuno, kisha likaja joto kali hata wakaanza kuchuma Agosti. Mwaka 2021 jalidi ikawapiga tena, na mvua za kiangazi zikaleta ugonjwa wa ukungu. Mwaka 2022 shamba likawapa kwa mikono miwili.

Wanaishije basi? Wakulima na matajiri wanunuao zabibu wana baraza moja, iliyoundwa 1941. Kila mwaka kabla ya kuchuma hupatana kila hekta iuzwe kilo ngapi: 2021 zilikuwa 10,000, na 2022 zilikuwa 12,000. Aliyevuna zaidi hauzi ziada yake. Divai yake huwekwa akiba kwa jina lake mwenyewe, mpaka kiasi kilichokubaliwa. Jalidi ikimpiga, huifungua akiba ile akauza kana kwamba alivuna. Hivyo ndivyo wengi walivyovuka 2021.

Aliyesoma chuoni hataiona ngeni khabari hii, maana Nabii Yusuf aliwafundisha watu wa Misri jambo kama hili kwa nafaka. Lakini kujua ni kitu kimoja na kutenda ni kingine. Mikarafuu yetu nayo ina mwaka wa kuinamisha matawi na mwaka wa kupanda mtu akashuka na pakacha tupu. Mwaka mnono tunaoa, tunaezeka, tunalipa madeni. Ukija mwaka mkavu twarudi kwa mwenye duka, na karafuu zetu zishakuwa zake zingali mtini.

Hatusemi tuweke karafuu ndani, kwani unyevu utaziharibu na mwenye deni hana subira. Tunasema fedha. Katika mwaka mnono, kila mwanachama aweke thamani ya gunia moja katika kila kumi, kwa jina lake, na isifunguliwe ila katika mwaka ambao mkutano umekubali kuwa ni mbaya. Tuliwahi kuwa na sanduku kama hilo. Lilifunguliwa kwa ajili ya harusi moja, kisha ya pili, na sisi wa afisini hatukuthubutu kukataa. Ndiyo maana safari hii tunataka ufunguo uwe kwa mkutano, usiwe kwetu.

Matawi yajadili jambo hili na kuleta majibu kabla ya mkutano mkuu, pamoja na majina ya wanaokataa na sababu zao.