Pikipiki Iliyolala Msimu Mzima

Pikipiki iliyokaa wiki kadhaa bila kuwashwa hukataa kuwaka kwa sababu chache zinazojulikana, na mara nyingi injini yenyewe haina ubaya. Katika delta ya mto Tana, kukaa huko si uvivu wa mwenyewe. Kijiji cha Kau kiko kando ya mto Ozi, ndani ya delta hiyo, na mafuriko yakija, njia za kuelekea mji wa Garsen huzama au hugeuka utelezi wa udongo mweusi unaonasa gurudumu. Ilikuwa hivyo Aprili na Mei 2018, na tena Novemba 2023, maji yalipoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Misimu kama hiyo bodaboda husimama uani na watu hurudi kwenye mitumbwi. Maji yakishapungua, wengi hupiga kiki mpaka mguu uchoke, kisha pikipiki hupakiwa kwenye gari kupelekwa kwa fundi kwa kasoro ambayo spana na kitambaa safi vingeiondoa palepale nyumbani.

Swali la kwanza ni kama maji yaliifikia injini. Kama yaliifikia, isipigwe kiki wala stata. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikilazimishwa kuyabana ndani ya silinda, mkono wake unaweza kupinda, na hapo matengenezo huwa makubwa na ghali. Plagi ifunguliwe kwanza, halafu kiki isukumwe polepole ili maji yatokee kwenye tundu la plagi. Oili ikaguliwe pia: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji na lazima imwagwe yote. Hata baada ya kutia mpya, ni busara kuibadilisha tena injini ikishazunguka muda mfupi, kwa sababu maji mengine hubaki yamejificha. Tangi, kabureta na chujio la hewa navyo vimwagwe na kukaushwa.

Kama pikipiki ilikaa pakavu, kazi ni nyepesi zaidi. Swichi ya kuzimia injini kwenye usukani itazamwe kabla ya chochote, maana watoto huichezea. Gia iwe nyutro na koki ya mafuta iwe wazi.

Baada ya hapo yafuate mafuta, na hapa ndipo penye kasoro nyingi. Petroli huzeeka. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto upesi, huvukiza kwanza, na joto la pwani huharakisha jambo hilo. Kiasi kidogo kinachobaki kwenye bakuli la kabureta huacha utando wa kunata unaoziba jeti ya mwendo wa chini, yenye tundu jembamba lisilofika nusu milimita. Petroli hukaguliwa kwa kuimiminia kidogo kwenye chupa angavu: maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutulia chini na kujitenga. Chupa haionyeshi mafuta ya taa yaliyochanganywa humo, na uchanganyaji huo ni tatizo la kweli. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Petroli iliyochacha imwagwe yote, bakuli lifunguliwe, na jeti ipulizwe kwa hewa. Waya mgumu usitumike kuizibua, kwani hupanua tundu, na pikipiki itakula mafuta kupita kiasi siku zote.

Plagi huonyesha upande uliko ubaya. Ikitolewa baada ya kupiga kiki mara chache ikiwa kavu, mafuta hayafiki kwenye silinda, na inafaa kurudi kwenye kabureta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi. Basi ikaushwe, isuguliwe kwa msasa laini, irudishwe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini, kisha kiki ipigwe, mbali na petroli yoyote iliyo wazi. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ikiwa ni ya rangi ya chungwa, hafifu, au haionekani kabisa, plagi mpya ndiyo jaribio la bei nafuu kabla ya kushuku koili au nyaya. Upepo wa chumvi kutoka baharini, upande wa Kipini, hula maungio ya nyaya, nayo yapanguswe.

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikipumzika; ikishuka chini ya 12, huenda stata isizungushe injini. Pikipiki nyingi bado zitawaka kwa kiki, lakini zipo ambazo cheche yake hutegemea betri.

Nyigu nao hujenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi, na panya hutandika makazi kwenye kisanduku cha chujio. Kama haya yote ni safi, na kiki inashuka bila ukinzani wowote, mgandamizo umepotea: huenda valvu imekwama au ringi zimeshikwa na kutu. Hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Kabla ya mto kujaa, koki ifungwe na injini iachwe izunguke mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Waya hasi wa betri ufunguliwe, pikipiki ipandishwe mahali pa juu, na bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa, ambacho kitolewe kabla ya kuwasha.