Kinorwe: Kanyagia silabi ya kwanza

Kama wewe ni shabiki wa Arsenal, jina Ødegaard umelitamka mara ngapi? Huenda hukujua kwamba hayo ni maneno mawili yaliyoshikana: øde, kitu kilichoachwa ukiwa, na gård, shamba. Shamba lililohamwa, basi. Na Wanorwe hulikazia pale mwanzo kabisa, kwenye Ø.

Hapo ndipo ulimi wetu hukwama. Kiswahili kimetuzoesha kuweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hata neno liwe refu vipi: SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na. Kinorwe hakina mambo hayo. Ukiunganisha maneno mawili, karibu kila mara shadda kuu hubaki kwenye neno la kwanza, na la pili hupata mkazo mdogo tu. Syk ni mgonjwa, hus ni nyumba. Sykehus ni hospitali, nawe useme SY-ke-hus. Mkenya anayejifunzia kwa simu atasema sy-KE-hus bila hata kujisikia, kisha ashangae mbona anajibiwa kwa Kiingereza.

Sasa jaribu arbeidstillatelse, kibali cha kazi. Usitishike. Tafuta mshono: arbeid ni kazi, tillatelse ni kibali, na hiyo s katikati ni gundi tu. Kanyagia AR, halafu teremka nazo zilizobaki.

Unadhani ni mapambo? Kumbuka barabara ya magari na barabara ya sawasawa. Darasani tulifunzwa kuwa shadda ndiyo inayozitofautisha. Kwa Wanorwe, lammelår, shadda kuu moja mwanzoni, ni paja la mwanakondoo, msosi wa maana. Likate, lamme lår, kila neno na shadda yake, na sasa unaongea kuhusu mapaja yaliyopooza. Kibao cha røykfritt kinakataza sigara. Kikiandikwa røyk fritt, kinakuambia vuta upendavyo! Wanorwe wenyewe huteleza hapo wakiandika, na kuchekana kwao hakuishi.

Kuna kioja kimoja zaidi, na hiki mimi ndicho nakipenda. Natt (usiku) na tog (treni) huzaa nattog, t mbili tu, maana Kinorwe hakitaki konsonanti tatu za aina moja zibanane. Lakini neno likikatwa mwisho wa mstari, t iliyojificha inarudi: natt-tog. Kituo cha basi nacho ni vivyo hivyo: busstopp, kumbe ni buss na stopp.