Mbwa Wako Hali Panya. Sawa, Anakunywa Wapi?

"Daktari, mbwa wangu hali panya. Kwa nini nimlipie chanjo ya homa ya mgunda?"

Swali hili huanza mara masika yanapokolea na halinyamazi hadi Juni. Analiuliza mwenye mbwa wa ulinzi kule Tegeta, analiuliza mwenye kijibwa cha manyoya kinacholala kwenye kochi Mikocheni, analiuliza na mfugaji wa Morogoro ambaye mbwa wake hulala kando ya zizi. Maneno hubadilika kidogo: wangu anakula chakula cha dukani, wangu mvivu, hata mjusi hamfukuzi, kwangu kuna paka. Msingi ni uleule, kwamba ugonjwa umo ndani ya panya, na asiyemla panya hana pa kuupatia. Nimelijibu kwa upole vya kutosha. Leo nalijibu kwa kirefu, ili mwakani tuulizane mengine.

Bakteria wa leptospira, wanaosababisha homa ya mgunda, hukaa kwenye figo za panya. Panya mwenyewe haumwi. Anakula, anazaa, anakimbizana darini, na kila akikojoa anawamwaga, kwa miezi na pengine maisha yake yote. Mkojo ndio njia yao ya kutoka. Kwa mbwa huingilia mdomoni, puani, machoni, na kwenye ngozi iliyochubuka au iliyolowa mpaka ikalainika. Tazama sasa: katika safari hiyo yote, panya na mbwa hawana haja ya kuonana. Panya apite usiku, mbwa apite wiki inayofuata, na dimbwi likiwa bado lipo, kazi imekwisha.

Ni kweli kwamba mbwa anayetafuna panya anaweza kuambukizwa. Hilo silikatai. Lakini hicho ni kichochoro. Barabara kuu ni maji. Ndani ya maji yaliyotuama, au udongo wenye unyevu na joto usio na uchachu mwingi, bakteria hawa huishi kwa wiki kadhaa, na mahali pakiwafaa huenda hadi miezi. Jua kali na ukavu huwaua upesi. Klorini huwaua. Maji ya chumvi hayawafai. Kwa hiyo mbwa anayeogelea baharini ana hatari ndogo kuliko yule anayesimama pale mtaro wa mtaa unapomwaga ufukweni, ingawa mwenye mbwa atakuambia wote wawili "walikwenda bichi".

Kwa hiyo acha kuniambia mbwa wako anakula nini. Niambie anakunywa wapi, analala wapi, ananusa wapi. Bakuli la maji lipo chini ya bomba linalovuja nyuma ya nyumba, na halijasuguliwa tangu linunuliwe. Kuna ukoka uliomwagiliwa jioni na haukauki kwa kivuli cha mwembe. Kuna chemba ya maji taka ambayo kifuniko chake kilivunjika na hufurika kila mvua ikinyesha. Kuna shimo la matofali la jirani anayejenga, limejaa maji tangu Machi. Kisha kuna sufuria ya ugali wa pumba na dagaa, iliyobaki nusu na kuachwa nje usiku kucha. Sufuria hiyo ndiyo inayonichosha zaidi. Panya hana choo maalumu. Hukojoa anapopita na hukojoa hata anapokula. Umemwandalia karamu, naye amelipia kwa mkojo, na asubuhi mbwa wako amekuja kumalizia. Mbwa huyo hali panya, ndiyo. Anakula alichoacha panya.

Wala panya hayuko peke yake. Ng'ombe, nguruwe na mbuzi nao hubeba leptospira na kuwatoa kwa mkojo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewafuatilia bakteria hawa kwa miaka mingi pale Morogoro, hadi aina mojawapo ikabeba jina la Sokoine. Mbwa wa mfugaji anayekunywa kwenye hori la ng'ombe hajagusa panya hata mmoja, na anaweza kulala na homa kama mbwa wa jalalani. Mbwa wenyewe pia huambukizana: aliyepona bila matibabu kamili anaweza kuendelea kutoa bakteria kwenye mkojo huku akionekana mzima, na unajua mbwa anavyopenda kunusa na kulamba pale mwenzake alipokojoa.

Nikifika hapo, mwenye mbwa hubadilisha hoja: "Basi nitaweka sumu." Weka, lakini ujue unachonunua. Sumu inaua panya wa leo, haisafishi udongo uliokwisha kulowa mkojo. Chakula kikibaki wazi, panya wa jirani watahamia ndani ya siku chache. Na sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Mbwa akila chambo chenyewe, au akiokota panya aliyekufa nayo, utaniletea anayetokwa damu puani, na hapo sitajua nianze kutafuta sumu au mgunda. Paka naye, kwa heshima zote, hukamata panya wadogo. Yale mapanya makubwa ya mitaroni huwa anayatazama tu.

Sasa msimu. Watu wanadhani hatari huja na tone la kwanza na kuondoka na la mwisho. Mvua kubwa hufanya mambo matatu kwa pamoja: hujaza mashimo ya panya na kuwasukuma kwenye mabanda na majumba, hukusanya mkojo uliotapakaa eneo zima na kuuteremsha mabondeni, iwe Jangwani au uani kwako, na huuacha udongo umelowa ili bakteria wasikauke. Baada ya hapo ugonjwa wenyewe huchukua siku chache hadi wiki mbili au zaidi kujitokeza ndani ya mbwa. Ndiyo maana wagonjwa wanaendelea kuja wakati watu wameshaanza kukunja makoti ya mvua. Panya shamba nao wana kalenda yao: huzaliana kwa kufuata mvua, na idadi yao hufika kileleni baadaye, kiangazi kikiwa kimeingia. Kumbuka Ruangwa, mkoani Lindi. Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa 20 wa homa ya mgunda na vifo 3, ilikuwa Julai 2022, mvua za kusini zimeshakatika.

Na ukame si kinga. Mwaka 2021 kaunti ya Los Angeles, Marekani, iliandikisha mbwa zaidi ya 200 wenye ugonjwa huu, wengi katika miezi ambayo huko hakunyeshi. Wengi wao walikuwa mbwa wa mjini, wanaolishwa chakula cha paketi na kupelekwa kwenye vituo vya kutunzia mbwa, ambako walikutana kwa wingi na kuchangia sakafu, maji na mikojo. Sidhani kama kuna aliyewahi kukamata panya. Kwetu kiangazi kina namna yake: maji yakiadimika, panya, mbwa, kuku na mbuzi wote hukusanyika kwenye lile bomba moja linalovuja. Dimbwi moja lenye kivuli linatosha.

Baada ya hayo, ya kufanya ni machache na hayahitaji hotuba.

Chanjo. Ile ya kichaa cha mbwa haihusiki hapa, hata kama ulipanga foleni ya kampeni ya bure tangu alfajiri. Tazama kadi: unatafuta herufi L. Chanjo ya zamani hulinda dhidi ya makundi 2 ya leptospira, Canicola na Icterohaemorrhagiae. Mpya huwa na makundi 4. Kinga ya kundi moja haitegemewi kwa jingine, kwa hiyo uliza kliniki yako ina ipi na uchukue pana zaidi inayopatikana. Dozi 2, zikipishana wiki 2 hadi 4, kisha kila mwaka. Ukikaa miaka miwili, unaanza upya. Mwaka 2023 jopo la madaktari bingwa wa mifugo la Marekani lilishauri mbwa wote wachanjwe kila mwaka, wa kochi na wa zizini. Anza Januari au Februari, ili masika yakute dozi ya pili imeshafanya kazi.

Uani. Chakula kisilale nje. Bakuli lisuguliwe kila siku na maji yabadilishwe. Ziba bomba, fukia shimo, funika chemba, fyeka majani, ruhusu jua lifike chini. Bandani pulizia dawa ya klorini, sehemu 1 kwa maji 10, baada ya kusafisha uchafu. Mbwa asitembezwe kwenye maji ya mafuriko, hata yakionekana safi.

Dalili. Homa, kukataa kula, kutapika, maumivu ya misuli hata hataki kuguswa, kunywa na kukojoa kupita kawaida au kutokojoa kabisa. Manjano kwenye fizi na macho huja kwa baadhi tu, usiisubiri. Na usiamue mwenyewe kuwa ni homa ya kupe kwa sababu umemkuta na kupe. Mbwa gani hapa kwetu hana kupe?

Tiba. Usimchome oksitetrasaikilini ya ng'ombe kutoka duka la dawa za mifugo kabla hujamleta. Sindano moja haimalizi ugonjwa, huvuruga vipimo vya kutafuta bakteria, na ikizidi kipimo huzitesa figo ambazo tayari zinateseka. Vitunguu saumu acha kabisa. Vinaharibu chembe za damu za mbwa. Panadol pia acha. Mlete siku hiyohiyo, tuchukue damu na mkojo kabla ya dawa, awekewe dripu, kisha doksisaikilini kwa wiki 2 kamili, hata akianza kurukaruka siku ya nne. Ulaya na Marekani wapo wenye mashine za kusafisha damu ya mbwa. Wengi wetu tuna dripu tu, kwa hiyo saa zinahesabika.

Wewe. Homa ya mgunda inampata binadamu. Ukimuuguza, vaa glavu na mabuti, mkojo wake usafishwe kwa klorini, watoto wakae mbali. Yeyote nyumbani akipata homa ndani ya wiki chache, mlinzi na dada wa kazi wakiwemo, aende hospitali na amwambie daktari kwamba kuna mbwa mgonjwa. Asipolitaja hilo, huenda akapimwa malaria na kurudishwa nyumbani na paracetamol.