Je, Wajua? Mlevi wa Sinema Asiyeonja Pombe

Alianza kwa kukata tiketi

Mchekeshaji aliyeonekana katika filamu za Kihindi zipatazo 300 alianza maisha ya kazi akiwa konda wa basi jijini Bombay, kwa mshahara wa rupia 26 kwa mwezi! Jina lake halisi ni Badruddin Jamaluddin Kazi, mzaliwa wa Indore, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Baba alipopoteza kazi, familia nzima ikahamia Bombay, na kijana akaingia mtaani kutafuta riziki.

Kwenye basi hakukata tiketi tu. Alitangaza vituo kwa vituko, akabadili sauti, akaigiza tabia za watu, abiria wakasahau foleni na joto. Anayepanda gari la Iringa kwenda Idodi anamjua mtu wa namna hii: ananing'inia mlangoni, anamtania mama mwenye kuku, anamsifia mzee mwenye gunia la mpunga, na ghafla mmefika.

Usaili wa aina yake

Siku moja mwigizaji Balraj Sahni, aliyekuwa akiandika filamu ya Baazi, alimwona akifanya vituko hivyo. Akamtuma kwa mwongozaji Guru Dutt na sharti moja: aingie akijifanya amelewa chakari. Konda akaingia ofisini akipepesuka, akasumbua watu, akaropoka, hadi ikabidi atolewe nje. Hapo ndipo alipojinyoosha wima, macho makavu kabisa. Guru Dutt alifurahi mno, akampa nafasi papo hapo na kumbatiza jina la pombe kali ya Kiskoti: Johnny Walker. Baazi ilitoka mwaka 1951.

La kushangaza zaidi ni kwamba mlevi huyu maarufu kuliko wote katika sinema ya India hakuwa mnywaji. Ulevi wote ule aliuiga kwa kuwatazama watu. Kwangu mimi hicho ndicho kipaji chenyewe: jicho la konda, linalosoma abiria hamsini kwa mkupuo.

Kicheko katikati ya majonzi

Pyaasa, filamu ya mwaka 1957, ni hadithi nzito ya mshairi aliyetupwa na dunia. Lakini waliowahi kuiona humkumbuka pia Abdul Sattar, mchua vichwa wa barabarani mwenye chupa yake ya mafuta, anayeimbia wateja kwa sauti ya mwimbaji Mohammed Rafi. Mwili ni wa Johnny Walker, koo ni la Rafi, na huwezi kuona vilipounganishwa.

Tuzo ya wachekeshaji peke yao

Kuanzia 1967 hadi 2007, tuzo za Filmfare za India zilikuwa na kipengele maalumu cha uigizaji wa vichekesho. Johnny Walker alikipata kwa filamu ya Shikar, baada ya kushinda ile ya mwigizaji msaidizi kwa Madhumati mwaka 1959.

Amitabh alipandishwa basi na mchekeshaji

Kabla hajawa jabali la sinema ya India, Amitabh Bachchan alihangaika kupata filamu. Mmoja wa waliomshika mkono ni Mehmood, mchekeshaji mkubwa wa zama zile, aliyempa uhusika mkuu katika Bombay to Goa, mwaka 1972. Na filamu hiyo sehemu kubwa inatokea wapi? Ndani ya basi!

Kalamu, kalamu, kalamu!

Johnny Lever, yule mchekeshaji wa filamu ya Baazigar ya 1993, aliacha shule darasa la saba na kuuza kalamu mitaani Bombay. Alizinadi kwa kucheza na kuigiza sauti za nyota wa sinema, na kalamu zikaisha. Baadaye akawa kibarua wa kiwanda cha Hindustan Lever. Kwenye hafla ya wafanyakazi aliwaigiza mabosi mmoja baada ya mwingine, wenzake wakambandika jina la kiwanda, na jina hilo halijabanduka hadi leo. Machinga yeyote anayeuza kwa mdomo mtamu ana ndugu yake pale.

Kihindi bila kujua Kihindi

Zanzibar ilikuwa na jumba lake la sinema, Royal, tangu 1921, na kwa miongo mingi watu walilia na kucheka na filamu za Kihindi wakisoma nyuso tu. Vibanda vya video vilipoenea, akatokea Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, na kuongeza utani wake.

Na wetu je?

Amri Athumani, yule mchekeshaji King Majuto wa Tanga, alizaliwa 1948 na kuanza kuigiza angali mtoto. Alihitaji kukunja uso tu, ukumbi ukaangua kicheko. Mwaka 2018 alipelekwa India kutibiwa, nchi ileile ya kina Johnny, akarejea, na tarehe 8 Agosti akafariki Muhimbili akiwa na miaka 70. Mwaka huohuo waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwamo, kwa sababu mzee aliyeuza kanda nyingi vile na kung'arisha matangazo ya biashara hakuwa na fedha za matibabu yake mwenyewe.