Je, Wajua? Kiti Kimoja, Miaka 59

Alikaa bungeni karibu umri wa kustaafu!
John Dingell wa Michigan, Marekani, aliingia Bunge la Wawakilishi Desemba 1955, akatoka Januari 2015. Mtoto aliyezaliwa Longisa, Bomet, mwezi ule Dingell anachaguliwa, akakua akawa mwalimu, angekuwa anahesabu miezi ya mwisho kabla ya kustaafu akiwa na miaka 60. Katika historia yote ya bunge lao hakuna aliyemfikia.

Nyundo iliyotunzwa miaka 45
Mwaka 1965, Dingell ndiye aliyeongoza kikao kilichopitisha Medicare, bima ya afya ya wazee. Nyundo aliyogonga siku ile aliitunza. Machi 2010, Spika Nancy Pelosi alitembea kuelekea bungeni ameishika mkononi, siku ya kura ya sheria ya afya ya Obama. Baba yake Dingell alikuwa akidai bima ya afya ya taifa tangu 1943! Aliyewahi kumpeleka mzazi Hospitali ya Longisa ataelewa kwa nini familia ilishikilia jambo moja miaka yote hiyo.

Moi alimtangulia
Hapa Kenya, Daniel arap Moi aliingia Baraza la Kutunga Sheria Oktoba 1955, miezi miwili kabla ya Dingell, akadumu hadi 2002. Mwai Kibaki akampita Moi kwa miaka ya bungeni: 1963 hadi 2013, nusu karne.

Baba, mwana, kisha mke
Dingell alirithi kiti cha babake, aliyekikalia tangu 1933, na mkewe Debbie akampokea 2015. Sisi pia tuna hadithi yetu ya kurithi viti, ila ya kwetu ilianza na msiba. Juni 10, 2008, ndege ndogo ilianguka Narok ikawaua Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, jimbo lililokuwa na Longisa ndani yake, pamoja na Lorna Laboso wa Sotik. Septemba 25 wapiga kura wakamchagua Beatrice Kones, mjane wa Kipkalya, na Joyce Laboso, dada yake Lorna. Siku moja, majimbo mawili jirani, wanawake wawili! Joyce, aliyekuwa mhadhiri Egerton, akawa Naibu Spika 2013, na 2017 gavana wa Bomet, miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Alifariki Julai 29, 2019, akiwa bado ofisini.

Ukishuka stendi ya Longisa, muulize mzee yeyote amewahi kupigia kura wabunge wangapi. Kaa, usikilize.